Makumi Sita kwa Mia

Kalengera, tarehe 7 mwezi wa ine 2025

Kwa Bwana Benny Mumbere, muuzaji wa mbolea, Mabanga, Goma.

Bwana Benny,

Pengine unakumbuka mwandiko huu. Miaka kumi na mbili iliyopita uliuona kila juma ubaoni, na mara nyingi uliuona katika daftari yako kwa wino mwekundu. Mimi ni Madame Domitille Cibalonza, niliyekufundisha chimie, yaani kemia, katika darasa la tano la sekondari. Siku hizi niko Kalengera, kwenye shamba la marehemu mume wangu. Tulikimbilia kambi ya Kanyaruchinya, tukalala chini ya turubai zaidi ya miaka miwili. Tuliporudi mwezi wa pili tulikuta nyumba bila mlango, bila bati, na shamba limekuwa pori.

Tuko wanawake tisa. Tulilima pamoja, tukapanda mahindi, na mvua imekuwa nzuri. Mama Angèle, mwenyekiti wetu, aliteremka Goma akanunua kwako mifuko tisa ya urea, mufuko mmoja kwa kila mwanamke. Mimi ndiye niliyemutuma kwako. Nilimwambia: "Yule alikuwa mwanafunzi wangu."

Sasa, juu ya mifuko umeandika: UREA, AZOTE 60 %. Azote, naitrojeni, ndiyo inayofanya jani liwe kijani, na ndiyo tunayoitafuta tukinunua urea. Nakuomba ukae chini, uchukue karatasi, unihesabie: katika urea safi kabisa, isiyo na punje ya mchanga, azote ni ngapi kwa mia? Formule ni CO(NH₂)₂. Uzito wa atomi: C 12, O 16, N 14, H 1. Unajumlisha uzito wote, unachukua sehemu ya azote, unaigawanya kwa jumla, unazidisha kwa mia. Nilikufundisha.

Usijaribu kupiga simu. Simu yangu ilipotea njiani tukikimbia, na tena calcul, hesabu ya mstari kwa mstari, haisomwi kwa sauti. Mpe karatasi Kakule, dereva wa Fuso ya kabichi, anapita hapa mara mbili kwa juma. Mpaka karatasi hiyo ifike, nimewaambia wanawake wasifungue mifuko.

Domitille Cibalonza


Goma, Mabanga, tarehe 11 mwezi wa ine 2025

Madame wangu,

Jambo sana! Kakule aliponipa barua nilisimama wima katika duka, kama vile umeingia mulangoni. Charline, bibi yangu wa ndoa, akaniuliza: "Ni polisi?" Nikamwambia: "Ni zaidi ya polisi."

Namushukuru Mungu kwamba uko muzima. Tulisikia habari za kule juu na hatukujua nani amebaki. Mimi niko, nauzisha majembe, mbegu na mbolea, na niko na watoto watatu. Pole kwa marehemu Papa, sikujua kama ametuacha.

Kuhusu calcul yako, nimeifanya. C ni 12, O ni 16, N ni 14, H mbili ni 2. Jumla 44. Kumi na ine gawanya kwa 44, zidisha kwa mia: inatoka 31,8. Sasa uone, Madame. Jirani yangu wa duka la pili anaandika 46 juu ya urea yake. Kama urea safi iko na 31, basi hata yeye anadanganya, na mbolea yote ya Goma ni uongo! Pengine hesabu ya shule haipatani na mambo ya soko. Ama pengine hii yangu ni ile ya nguvu, concentré.

Waambie wamama watie bila wasiwasi. Mahindi ikifika kwenye magoti haingoji mutu.

Mwanafunzi wako,
Benny


Kalengera, tarehe 14 mwezi wa ine 2025

Bwana Benny,

Hakuna urea ya concentré. Urea ni urea, iwe kijiko kimoja ama lori zima, na sehemu zake hazibadiliki. Huwezi kuikamua itoe azote nyingi kuliko ile iliyo nayo.

Kosa lako ni lile lile la darasa la tano. Ile mbili ndogo iliyo inje ya mabano umeiacha inje kama mgeni. Inazidisha kila kitu kilicho ndani ya mabano: N zinakuwa mbili, H zinakuwa ine. Rudia.

Mahindi yamefika kwenye magoti, hilo najua bila kuambiwa, kwa sababu naishi nayo. Wanawake wameweka mifuko chini ya vitanda. Kila asubuhi wananiuliza: "Madame, karatasi imefika?" Nawajibu: "Bado." Mama Angèle ana watoto watano na hana mume. Ukihesabu, uhesabu ukimjua huyo.

D. C.


Goma, tarehe 17 mwezi wa ine 2025

Madame,

Nimerudia mara tatu. C 12, O 16, N mbili ni 28, H ine ni 4. Jumla 60. Makumi mbili na nane gawanya kwa makumi sita, zidisha kwa mia: 46,67. Charline naye akafanya katika simu, ikatoka vile vile.

Kwa hiyo jirani alikuwa na haki, na mufuko wangu hauna haki.

Nitaenda kuuliza pale niliponunua. Lakini Madame, nakuomba kwa heshima yote, waambie wamama watie mbolea. Ni nzuri, naijua. Usinihukumu kwa namba moja.

Benny


Kalengera, tarehe 2 mwezi wa tano 2025

Bwana Benny,

Siku kumi na tano. Fuso ya Kakule imepita hapa mara ine, na kila mara alishusha kioo akatikisa kichwa. Ulisema utaenda kuuliza. Kwenda kwa muuzaji wa jumla hakuchukui siku kumi na tano, hata ukitembea kwa magoti.

Nakuambia hali ilivyo. Majani ya chini yamekuwa ya manjano, yameanzia kwenye ncha na kuingia kati kwa umbo la V. Ni njaa ya azote, nimeifundisha na sasa naiona. Nimewakusanya wanawake, nikawaambia wazi kwamba mifuko ni ya uongo: aliyeandika 60 mahali ambapo 60 haiwezi kuwa, hata kile alichotia ndani hatukijui. Inaweza kuwa chumvi, inaweza kuwa kitu cha kuunguza mizizi. Mama Angèle alikaa chini kwenye udongo. Hakulia. Aliuliza tu: "Na sasa tufanye nini?"

Sikusahau, Benny. Ulipokuwa darasa la tano nilikupa sifuri mbele ya wenzako kwa sababu jibu lako lilikuwa sahihi na hapakuwa hata na mstari mmoja wa calcul. Nilikuita mwizi wa points, wa alama ambazo si zako. Baadaye nilijilaumu kwamba nilikuwa mkali kupita kiasi. Leo najiuliza kama nilikuwa mkali vya kutosha.

Domitille Cibalonza


Goma, tarehe 6 mwezi wa tano 2025

Madame,

Barua yako niliisoma nikiwa nimefunga duka saa ine asubuhi, kitu ambacho sijawahi kufanya. Charline alisoma pia. Akasema: "Mwambie yote ama usirudi kula hapa." Basi nasema yote.

Ile sifuri ilikuwa ya haki. Nilicopier, niliiba jibu kwa Élisée aliyekaa kando yangu. Sikuelewa hata kidogo, niliogopa kuuliza, nikaangalia karatasi yake. Mwaka uliofuata niliacha shule. Nimeishi na neno lile, mwizi wa points, na ulipoandika mara ya kwanza nilisikia tu lile neno, hata kama hukuliandika. Ndiyo sababu nilicheka-cheka katika barua na kutafuta maneno ya concentré.

Kuhusu mifuko: hakuna wa kuuliza. Ni mimi niliandika 60.

Urea ilipitia mpakani Bunagana, ikanyeshewa njiani. Mifuko yake ilipasuka, maandishi yakafutika. Nikanunua mifuko mipya myeupe, nikahamisha mbolea, nikakausha ile ya juu. Lakini wateja walikuwa wanauliza: "Namba iko wapi?" Mufuko bila namba hawautaki. Nikakaa nikijaribu kukumbuka. Na Madame, nikaona ubao wako katika akili. Nikaona neno urea, na chini yake 60, umeipigia mistari miwili. Nilifurahi sana! Nikajisemea, tazama, shule haikupotea bure. Nikachukua rangi na brosi, nikaandika 60 juu ya kila mufuko kwa mukono wangu.

Kumbe ile 60 ilikuwa uzito wa urea nzima. Nilijua hivyo tarehe 17, nilipojumlisha na kuiona inatoka kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Sitajifanya malaika. Nilipoona jirani ameandika 46 ningeweza kumuuliza. Sikuuliza kwa sababu 60 ilikuwa inauzisha kuliko 46. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na iko nusu ujinga, nusu tamaa. Lakini kile kilicho ndani ni urea. Naapa.

Najua kiapo changu kwako hakina uzito. Nimechukua mufuko mumoja kati ya ile iliyobaki ya gari lile lile, nimetoa kikombe kimoja, nimekifunga kwa plastiki, na mama mmoja mfanyabiashara amekipeleka Kampala kwenye maabara. Wamemwambia watapima C, H, N na O, na watatoa pourcentage tu, kila kimoja ni ngapi kwa mia. Jina la kitu hawatalitoa. Nifundishe namna ya kutoka kwenye pourcentage mpaka kwenye formule. Safari hii nitaonyesha kila mustari.

Benny


Kalengera, tarehe 9 mwezi wa tano 2025

Benny,

Barua yako imefika. Sijui niamini nini, kwa hiyo nitakuandikia kile ninachokijua.

Ukipata pourcentage, sema una gramu mia za kitu hicho. Kama C ni ishirini kwa mia, una gramu ishirini za C. Kila gramu zigawanye kwa uzito wa atomi yake: C kwa 12, H kwa 1, N kwa 14, O kwa 16. Utapata hesabu ine. Tafuta iliyo ndogo kuliko zote, kisha zote zigawanye kwa hiyo. Kinachotoka ndicho hesabu ya atomi katika formule iliyo fupi kabisa. Kama moja inatoka 1,5 usiilazimishe kuwa mbili. Zidisha zote kwa mbili. Kama inatoka 2,97 ama 3,04 hiyo ni tatu, mizani ya binadamu hutetemeka kidogo.

Kama ulisema kweli, nitakuwa nimefanya jambo baya kuliko lako. Sitaki kuliwaza bado.

D. C.


Goma, tarehe 28 mwezi wa tano 2025

Madame,

Karatasi ya Kampala imefika leo asubuhi. Naandika vile iko:

C 20,1. H 6,6. N 46,5. O 26,8. Nimejumlisha, inafika mia.

Sasa yangu:

C: 20,1 gawanya kwa 12 = 1,675
H: 6,6 gawanya kwa 1 = 6,6
N: 46,5 gawanya kwa 14 = 3,321
O: 26,8 gawanya kwa 16 = 1,675

Ndogo kuliko zote ni 1,675. Nagawanya zote:

C = 1. H = 3,94. N = 1,98. O = 1.

Hapo niliogopa. 3,94, ni tatu ama ni ine? Nikarudi katika barua yako kwenye ile mizani inayotetemeka. Nikaweka ine. Na 1,98 nikaweka mbili.

CH₄N₂O.

Nikakaa nikiangalia. Haikuwa kama ile yako, haikuwa na mabano. Nikasema basi, nimekwisha, ni kitu kingine. Charline ndiye alichukua kalamu, akahesabu kwenye formule yako kidole kwa kidole: C moja, O moja, N mbili, H ine. Akanitazama. "Si ni hivi hivi vitu, wamevipanga tu namna ingine?"

Madame, ni urea. Ilikuwa urea siku zote.

Sijui kama nifurahi. Mahindi yako wapi sasa?

Benny


Kalengera, tarehe 1 mwezi wa sita 2025

Benny mwanangu,

Calcul yako haina kosa. Nimeipitia kwa wino mwekundu na wino haukugusa karatasi.

Mahindi yametoa maua. Kutia mbolea sasa ni kumlisha mtu ambaye amekwisha kulala. Tutavuna, lakini vigunzi vitakuwa vidogo na punje zitakuwa chache.

Sasa nikuambie kile sikukuambia. Kuna njia ya kujua urea ambayo haihitaji Kampala. Unatia punje katika kikombe cha maji na maji yanakuwa baridi mkononi. Unachanganya na chokaa, unapasha moto, na harufu ya ammoniac inakupiga puani. Niliwafundisha ninyi darasani. Nina kikombe, nina moto, chokaa ningeipata kwa fundi wa nyumba. Sikujaribu. Jana nimejaribu: maji yalikuwa baridi, na harufu ilinitoa machozi, ama ndivyo nilivyowaambia majirani.

Kwa nini sikujaribu mwezi wa ine? Kwa sababu nilikuwa na hakika. Calcul ilinionyesha kwamba namba iliyoandikwa juu ni ya uongo, na hapo ilikuwa sahihi. Haikusema neno juu ya kilicho ndani. Hiyo hatua ya pili, kwamba hata cha ndani ni cha uongo, niliiongeza mwenyewe, kwa sababu mufuko ulikuwa wako. Kama ungekuwa wa mtu nisiyemjua, ningetia punje kwenye maji. Nilikupa sifuri ya pili, Benny, na hii ya pili haikuwa ya haki.

Kuna jambo lingine. Mahindi ya Nyirarukundo, mmoja wetu wale tisa, ni ya kijani kizito, yamempita kichwa. Tulipomuuliza alisema ni samadi ya mbuzi. Mbuzi gani? Hakuna aliyerudi na mbuzi hapa. Baada ya jaribio langu la jana nilienda kwake, nikamwambia: "Nionyeshe mufuko wako." Ulikuwa umejaa maganda ya maharage. Alitia urea yote siku ya Mungu, sisi tukiwa kwenye misa. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia ilipofanya kazi. Akasema: "Madame, wewe umesoma. Nani angenisikia? Na kama ingeunguza shamba langu mungesema nilionywa." Mume wa Nyirarukundo alilima na urea miaka kumi kabla ya vita. Alijua harufu yake hata akiwa amefunga macho, naye akamfundisha mke wake. Hakuna aliyemuuliza Nyirarukundo kuhusu mifuko. Mimi pia sikumuuliza.

Lazima niwaambie wengine. Nimewaita siku ya posho, Jumamosi tarehe 14, katika darasa la shule. Sikuamuru uje. Nakuomba.

Mwalimu wako,
Domitille


Goma, tarehe 5 mwezi wa sita 2025

Mama mwalimu,

Nitakuja. Usiku sikulala muzuri kwa ajili ya Mama Angèle, namukumbuka vile alisimama dukani. Aliweka mukono juu ya ile 60 akaniuliza: "Hii ni nyingi?" Nikamujibu: "Hakuna mwingine anayekupa hii." Hilo jibu ndilo linaniuma kuliko rangi.

Mifuko yote iliyobaki dukani nimeifuta na kuandika 46. Wateja wawili wameniuliza kwa nini mbolea imepungua nguvu. Niliwaeleza. Mumoja alielewa, mumoja alienda kwa jirani. Aende tu.

Nitaleta maharage magunia manne ya miezi ya njaa. Charline anasema nisiyaite zawadi. Nitaleta pia rangi na brosi.

Mama, usiseme kwa ajili yangu. Kila mutu aseme lake.

Benny


Kalengera, tarehe 18 mwezi wa sita 2025

Benny mwanangu,

Uliondoka haraka kwa sababu Fuso ilikuwa inapiga honi, kwa hiyo hukusikia yaliyofuata. Nakuandikia.

Uliposimama ubaoni na kuandika calcul yote, kutoka juu mpaka 46,67, kisha ukasema "Mimi niliandika 60, na nilipoulizwa nilijisifu nayo," nikasimama mimi, na ulisikia niliyosema. Ulipotoka kwenda nyumba kwa nyumba na kopo lako la rangi, ukipiga mstari juu ya 60 na kuandika 46 kwenye mifuko ambayo bado imelala chini ya vitanda, wanawake walibaki na mimi.

Mama Angèle ndiye alisema wa kwanza. Hakupandisha sauti. Alisema: "Yule kijana alitudanganya kwa namba. Lakini mbolea yake ilikuwa pale, chini ya kitanda changu, miezi miwili, nzuri. Nililala juu yake na mahindi yangu yanakufa. Ni wewe ulinizuia, Madame." Nikasema ndiyo. Akasema: "Nilikuwa nakuamini kuliko padri." Nikasema najua.

Nyirarukundo alitaka kucheka ili kupunguza uzito, lakini alipoona uso wa Angèle aliacha.

Tumeamua hivi. Maharage yako yamegawanywa kwa nane. Nyirarukundo alikataa sehemu yake. Mavuno ya shamba langu, yote yatakayotoka, yataenda kwa Angèle na watoto. Mimi nitakula kwa mdogo wangu mpaka msimu ujao. Usibishane nami kwa barua, imekwisha. Urea ambayo haikutumika tutaitia katika mahindi ya mwezi wa kenda. Na Nyirarukundo ndiye atasema siku ya kuitia, kiasi gani, na umbali gani kutoka kwenye shina. Mimi nitashika kikapu.

Domitille


Goma, tarehe 30 mwezi wa sita 2025

Mama mwalimu,

Sitabishana. Lakini kila mara Kakule atakapopanda, kutakuwa na kitu kidogo chako nyuma ya kiti chake: mafuta, chumvi, sabuni. Kukirudisha ni kumusumbua dereva.

Mambo ya Mama Angèle nimeyasoma mara mbili na sikumusomea Charline. Baadaye nikamusomea.

Jana alikuja muzee mumoja kutoka upande wa Kibumba, akataka mbolea ya viazi. Aliweka kidole juu ya 46 akauliza kama ni nyingi. Nilimwambia: "Papa, zaidi ya hapo haipo duniani katika urea, na mutu akikuandikia zaidi umukimbie." Akauliza nimejuaje. Nikachukua karatasi. Tulichukua nusu saa, wateja wengine wanangoja. Alipoondoka aliikunja ile karatasi akaitia mufukoni mwa koti.

Benny


Kalengera, tarehe 4 mwezi wa kwanza 2026

Benny mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Charline na kwa watoto.

Tulitia urea mwishoni mwa mwezi wa kumi, siku aliyosema Nyirarukundo: udongo umelowa na mvua ndogo inakuja, si kubwa. Nilishika kikapu kama nilivyoahidi, na mara mbili alinikemea kwamba natupa karibu na shina. Mahindi yameinuka mpaka barabarani watu wanasimamisha pikipiki kuuliza. Leo tumevunja mabichi ya kwanza.

Kakule atakupa kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Ni mahindi ya Mama Angèle, kutoka mstari wa mbele wa shamba lake. Amechagua mwenyewe, moja moja, akirudisha yaliyokuwa na wadudu. Nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema:

"Mwambie ayachome, asiyachemshe, yakichemshwa yanapoteza utamu. Mwambie pia sijamusamehe bado. Lakini mahindi ni mahindi, na watoto wake hawana kosa."

Mimi pia hajanisamehe. Kikapu changu kimekuja na maneno hayo hayo. Nimeyachoma jioni hii, na ni matamu sana.

Mwalimu wako,
Domitille